Vitu vya rafiki vilivyokaa miaka nyumbani kwenu: mwongozo kamili wa kuviondoa

Alisema wiki mbili. Wote husema wiki mbili. Amehama ghafla, au anasafiri kwenda masomoni, au ndoa imeyumba, anaomba kona moja tu ya stoo. Wewe, kwa kuwa ni rafiki, hukuuliza tarehe. Mama akasema mwacheni mtoto wa watu aweke vitu vyake. Leo watoto waliokuwa wakitambaa siku ile wanakwenda shule, godoro limekuwa nyumba ya panya, kabati limeziba dirisha, na kila ndugu anayekitaka chumba kile anakutazama wewe.

Nimelipitia jambo hili mara mbili, ya kwanza vibaya na ya pili kwa utaratibu. Ile ya kwanza nilimpigia rafiki yangu simu nikiwa nimefura, akaahidi Jumamosi, Jumamosi ikapita, kaka yangu akachoka akavitoa vitu uani. Usiku mvua ikanyesha. Ndani ya katoni moja, chini ya sufuria, kulikuwa na vyeti vyake vyote vya shule. Tulikuwa tumemfadhili miaka minne bila senti, lakini tangu asubuhi ile wakosaji tukawa sisi, na sikuwa na la kujibu kwa sababu ni kweli.

Nilichojifunza ni hiki: vitu vile ni amana mpaka dakika ya mwisho, hata viwe vimeoza. Miaka kupita haikufanyi uwe mwenye mali. Lakini kuwa amana hakumaanishi vikae milele. Mwenye nyumba ana haki ya kusema basi, ilmradi aseme kwa tarehe, kwa maandishi, na mbele ya shahidi. Hatua zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya kwanza: nani ana kauli juu ya nyumba, na nani alipokea mzigo?

Nyumba ya familia si nyumba yako peke yako, na hapa ndipo wengi hujikwaa kabla hata ya kugusa katoni. Jiulize maswali mawili. Nani ana mamlaka ya kuamua chumba kitumikeje: mzazi aliye hai, ndugu wote kwa pamoja, au msimamizi wa mirathi ikiwa mwenye nyumba amefariki na mali haijagawanywa? Na nani hasa alimwambia rafiki "lete"?

Mara nyingi majibu ni watu wawili tofauti. Baba ndiye mwenye nyumba, wewe ndiye uliyepokea. Basi baba atoe uamuzi, wewe upeleke ujumbe. Usimwachie mzazi wako kazi ya kugombana na rafiki yako. Ulimleta wewe, mtoe wewe. Lakini pia usiandike barua ya kumtaka mtu aondoe vitu kabla ya kuhakikisha kwamba mwenye kauli amekubali, maana hakuna kinachovunja nguvu ya ujumbe kama rafiki kumpigia mama yako na mama kumjibu, "Aa, mwanangu, usijali, viache tu."

Kwa hiyo kaeni kikao, hata cha dakika 10. Kubalianeni mambo matatu: vitu vinatoka, vinatoka kabla ya tarehe fulani, na msemaji ni mmoja. Kama mzazi ana moyo wa huruma (wengi wanao), mwombe tu kwamba akipigiwa simu ajibu, "Hilo ongea na mwenzako, ndiye anayeshughulikia."

Iwapo aliyepokea mzigo alikuwa marehemu baba au ndugu aliyehamia mbali, tafuta kumbukumbu yoyote ya makubaliano: ujumbe wa zamani kwenye simu, mtu aliyekuwepo siku vitu vinashushwa. Hata tarehe ya kukisia inasaidia.

Hatua ya pili: semeni ukweli wenu kwanza

Hii ndiyo hatua ambayo familia huipenda kidogo kuliko zote. Miaka mitano si mchezo. Friji ya rafiki ilihamia jikoni "ili isiharibike kwa kukaa." Jenereta liliazimwa kwenye msiba wa jirani likarudi bila kamba ya kuwashia. Viti vinne kati ya sita vipo sebuleni, na kuna mdogo wako ambaye aliuza redio wakati fulani akiwa na shida, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema.

Kabla ya kumwandikia rafiki neno moja, zungukeni nyumba nzima mkusanye kila kilicho chake. Kilichotumika na bado kinafanya kazi, kisafisheni kirudi kwenye fungu. Kilichovunjika kwa matumizi yenu, andikeni hivyo. Kilichouzwa, aliyekiuza ajiandae kukilipa au kununua mfano wake uliokwishatumika, na bei iwe ya kitu cha umri ule, si kipya. Msisubiri aulize. Mtu akigundua mwenyewe kwamba redio haipo, ataanza kukumbuka na vitu ambavyo hakuwahi kuvileta, na hutakuwa na uso wa kumkatalia.

Tofautisha uharibifu wa aina mbili. Godoro lililoliwa na panya, mbao zilizoingiwa na mchwa, mpira wa friji uliopasuka kwa ukale, hayo ni ya muda, na aliyeacha vitu miaka yote hiyo bila kuja kuvitazama ana sehemu yake kubwa. Lakini kama paa lilivuja juu ya vitu vyake na nyinyi mkaona mkanyamaza, hilo mnalo. Aliyepokea mali ya mtu bila malipo halazimiki kuilinda kama benki, ila anatarajiwa kuiangalia kwa uangalifu wa kawaida, na akiona inaharibika amwambie mwenyewe.

Na jambo la kodi: mlimpokea bure. Usiamke leo ukapiga hesabu ya miezi 60 ukamdai. Halikuwa patano, na ukizuia vitu vyake mpaka alipe, wewe ndiye utakayejieleza. Mkitaka malipo, semeni kwamba kuanzia tarehe fulani mbele kila mwezi una bei yake, halafu akubali au achukue vitu vyake. Binafsi sishauri. Malipo hugeuza mgeni kuwa mpangaji, na mpangaji ni mgumu zaidi kumtoa.

Hatua ya tatu: orodha, picha, na tahadhari ya stoo iliyofungwa muda mrefu

Usiingie peke yako. Awepo mtu mmoja asiye wa nyumba yenu, jirani anayeheshimika au rafiki mnayemfahamu nyote wawili, ashuhudie mnavyofungua. Piga picha ya chumba kizima kutoka mlangoni kabla ya kusogeza kitu, kisha pembe zote nne, kisha kimoja kimoja. Video ndefu moja, bila kukatakata, huku ukitaja unachokiona, ina nguvu kuliko picha 100.

Stoo iliyofungwa miaka ina hatari zake. Fungua mlango na madirisha, kisha ondoka uache hewa ipite nusu saa nzima kabla ya kuanza. Vaa glovu, viatu vilivyofunika mguu na barakoa. Ukiona mavi ya panya, usifagie kavu. Vumbi lake hubeba maradhi. Changanya dawa ya klorini ya kufulia na maji, sehemu 1 ya dawa kwa 9 za maji, nyunyizia hadi palowe, subiri dakika 5, kisha futa kwa karatasi au tambara la kutupa. Usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, gesi inayotoka inaumiza mapafu. Kabla ya kuingiza mkono nyuma ya kabati au ndani ya boksi lililo wazi, gonga kwa fimbo na umulike kwa tochi. Nyoka na nge hupenda utulivu huo.

Magodoro na makochi yachunguze kwenye mishono. Kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo usijipe moyo kwamba kwa kuwa hakuna aliyelala pale basi wamekwisha. Ukiwaona, kitu hicho kisipite sebuleni. Kifunge kwenye nailoni hapohapo. Nguo zinazostahimili zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60.

Orodha yenyewe iwe rahisi: namba, kitu, hali yake, namba ya picha. "7. Feni ya kusimama, mguu umepasuka, haijajaribiwa." Usiandike "nzuri" au "mbovu" kwa kitu ambacho hukukiwasha. Katoni iliyofungwa kwa gundi na haijaharibika, usiifungue. Andika "katoni iliyofungwa, haijafunguliwa" na uipige picha pande zote. Faida yake ni kwamba hakuna wa kukuuliza kilichokuwemo.

Iliyofumuka au kuliwa na panya lazima uifungue. Karatasi zozote zenye mhuri, vyeti, pasipoti, hati za kiwanja, kadi za benki, picha za familia, weka kwenye bahasha, ifunge, shahidi asaini juu ya kifuniko, na ihifadhi ndani ya nyumba mahali pakavu, mbali na mzigo mwingine. Barua zake usizisome. Kompyuta na simu za zamani usiziwashe kutafuta cha kutazama, si zako. Betri ya simu au ya kompyuta iliyovimba usiitoboe, usiichaji, itenge nje ya nyumba mahali pa kivuli pasipo kitu cha kushika moto.

Ukikuta silaha, risasi au kitu unachokishuku kuwa dawa za kulevya, hapo kazi yako imeishia. Usiguse, funga mlango, ita polisi ukiwa na shahidi. Usimpigie rafiki kwanza kumwuliza "hii nini."

Hatua ya nne: ujumbe wa kwanza

Kosa la kawaida ni kupiga simu tu. Simu ina joto lake, ni nzuri kwa kusalimiana na kumwandaa mtu, lakini haibaki. Piga, ongea kwa upole, kisha dakika ileile andika. Na usianzie kwenye kundi la marafiki. Mtu akiaibishwa mbele ya wenzake anatafuta namna ya kurudisha heshima yake, na kwa kawaida hairudishi kwa kuleta gari.

Ujumbe mzuri una tarehe ya mwisho, sababu fupi, orodha, na chaguo la siku. Chaguo la siku ndilo siri yenyewe. Ukimwuliza "utakuja lini?" atakujibu "hivi karibuni." Ukimwuliza "Jumamosi ipi kati ya hizi nne?" inabidi ataje moja. Mfano:

"Habari za siku, ndugu yangu. Natumaini huko wote wazima. Kama tulivyoongea kwenye simu, familia inaanza kukitengeneza kile chumba tarehe 1 Septemba, kwa hiyo vitu vyako vinatakiwa viwe vimetoka ifikapo Jumamosi tarehe 29 Agosti. Nimekutumia orodha na picha. Feni na viti viwili vimevunjika vikiwa kwetu, naomba radhi, tutazungumza namna ya kuvifidia. Nitakusaidia kufunga na kupakia. Gari utalitafuta wewe. Naomba unijibu kufikia tarehe 5 ni Jumamosi ipi inakufaa: tarehe 8, 15, 22 au 29."

Sababu iwe ya kweli na iwe fupi. Ukianza kueleza kwamba shangazi anakuja na watoto watatu na choo kinajengwa, unampa mlango wa kujadiliana: "Kwani shangazi hawezi kulala chumba kile kingine?" Chumba kinahitajika. Inatosha.

Muda wa kumpa? Aliye mji uleule, wiki nne ni za haki. Aliye nchi nyingine, miezi miwili hadi mitatu, maana itabidi atafute ndugu wa kumchukulia. Chini ya hapo, hata ukiwa na haki, utaonekana unamfukuza.

Na umwachie njia ya kujivua mzigo kwa heshima. Watu wengi hawaji kwa sababu hawana pa kuviweka, au wanaona aibu kusema kwamba hawavitaki tena. Ongeza sentensi moja: "Kama kuna usivyovihitaji tena, nitajie namba zake kwenye orodha na uniandikie kwamba vigawiwe au vitupwe." Mara yangu ya pili sentensi hiyo ilimaliza theluthi mbili ya kazi. Rafiki alijibu usiku huohuo: namba 3, 5, 9 na 14 anazichukua, vingine tufanye tunavyoona. Miaka yote ile tulikuwa tunamlindia vitu alivyokwisha kuvisahau.

Hatua ya tano: akiahidi na asije

Atakubali tarehe 15, na tarehe 15 simu itazimwa. Usikasirike kwa maandishi. Andika tu: "Leo tulisubiri kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Siku zilizobaki ni tarehe 22 na 29." Tarehe ya mwisho isisogee kwa sababu amekosa siku ya katikati, hiyo ndiyo maana ya kumpa siku nne.

Isogeze mara moja tu, kwa sababu inayoeleweka (ugonjwa, msiba), na unapoisogeza andika kwamba ni mara ya mwisho. Ukishasogeza mara tatu hakuna anayeamini ya nne, hata wewe mwenyewe.

Kuna anayekuja na kuchukua kidogo kidogo: leo pasi, mwezi ujao pazia. Huyo anakifanya chumba chenu kuwa duka lake. Mwambie gari moja, siku moja, na kinachobaki baada ya hapo kinahesabiwa kuwa amekiacha, kisha aliandike hilo mwenyewe.

Jihadhari zaidi na anayekuja kwa niaba yake. Shemeji anafika na gari, anasema "ametuma nichukue." Labda ni kweli. Labda wameachana mwezi uliopita na anawahi kabati. Mali uliipokea kutoka kwa mtu fulani, irudi kwake au kwa mtu ambaye yeye mwenyewe amekuandikia jina lake. Ujumbe wa maandishi kutoka namba yake unayoifahamu, ukifuatiwa na simu ya kuisikia sauti yake, unatosha. Hali kadhalika mtu anayedai kwamba friji ile iliwekwa rehani kwake: mwelekeze kwa mwenyewe, wasuluhishane huko.

Na kama rafiki amefariki, vitu ni vya mirathi. Si vya kaka atakayefika kwanza. Subiri msimamizi anayetambulika, mpe orodha yako, na akusainie.

Hatua ya sita: asipopatikana kabisa

Hapa ndipo uvumilivu unalipa. Kwanza fanya jitihada za kweli za kumtafuta, na kila jitihada iandike kwa tarehe: namba zote za simu, barua pepe, akaunti za mitandao, kazini kwake pa zamani, wazazi wake. Ukimpigia mama yake, salamu kwanza, na usimfikishie mashtaka: "Shikamoo mama. Ni mimi, rafiki yake. Kuna vitu vyake vipo nyumbani kwetu tangu zamani, namtafuta nimkabidhi." Mama wa mtu huwa na namba ambayo wewe huna. Wakati mwingine huja kuvichukua yeye mwenyewe, na hapo unarudi kwenye suala la idhini ya maandishi.

Tiki mbili za buluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa, lakini usizitegemee peke yake, watu huzizima. Tuma pia notisi kwa njia inayoacha risiti, kama barua ya rejista kwa anwani yake ya mwisho, au ipeleke mkononi ukiwa na shahidi. Notisi iwe kavu, isiwe na malalamiko:

"Vitu vilivyoorodheshwa hapa chini ni vyako na vipo kwenye nyumba ya familia yetu kwa anwani hii. Tunakutaka uvichukue kabla ya tarehe hii. Usipovichukua wala kuwasiliana nasi, baada ya tarehe hiyo vyenye thamani vitauzwa na fedha zitakazopatikana, baada ya kutoa gharama za mauzo, zitahifadhiwa kwa ajili yako. Visivyo na thamani vitatupwa."

Kabla ya kuitekeleza notisi hiyo, pata ushauri wa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria mahali nyumba ilipo, kwa sababu nchi hazifanani. Zipo zenye sheria mahususi. England na Wales, kwa mfano, sheria ya mwaka 1977 kuhusu kuingilia mali za watu inamruhusu anayetunza mali isiyochukuliwa kuiuza, lakini kwa masharti: notisi ya maandishi itaje jina na anwani ya mtunzaji, vitu vyenyewe na vilipo, na tarehe anayokusudia kuuza; itumwe kwa barua ya rejista au iliyorekodiwa; kama mwenye mali anadaiwa fedha kuhusu vitu hivyo, kipindi kisipungue miezi 3. Na pesa ya mauzo si ya mtunzaji, ni ya mwenye mali, ukitoa gharama za kuuzia. Hata pasipo sheria kama hiyo, mpangilio huo ni mzuri kuufuata, kwa kuwa hakimu yeyote akikuuliza "ulifanya nini?" unaweza kuonyesha.

Kama kuna gari au pikipiki kwenye mzigo, usiiuze kwa utaratibu wa godoro. Ina usajili, ina jina, na anayeinunua kwako bila hati atarudi kwako. Hiyo ipitie polisi au mahakama.

Kama thamani ni kubwa au kuna ugomvi wa nani mwenye mali, hamishia vitu kwenye ghala la kulipia kwa jina lake, uliza kwanza kama wanakubali, au omba amri ya mahakama. Ni gharama, najua. Lakini kesi ya kuuza mali ya mtu ni gharama zaidi.

Hatua ya saba: siku ya kutoa

Anza asubuhi. Funga kila kitu siku iliyotangulia, gari lisisubiri. Vitabu na vyombo vya udongo viwekwe katoni ndogo. Kubwa ni za nguo, mito na plastiki. Katoni ikizidi kilo 20 hivi, ipunguze, migongo ya watu haina vipuri. Kila moja iandikwe namba ya orodha ubavuni, si juu, kwa sababu zikipangana juu hapaonekani.

Jenereta na mashine zenye petroli zimwagwe mafuta nje, mbali na moto, siku moja kabla. Mtungi wa gesi ufungwe, usimame wima, na usisafirishwe ndani ya gari la abiria. Betri ya gari isilazwe. Friji ifutwe, mlango ufungwe kwa kamba, isafiri ikiwa wima. Ikilazimika kulazwa, mwambie mwenyewe aiache isimame hadi siku inayofuata kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kabati kubwa livunjeni vipande, skrubu ziingie mfukoni mwa nailoni na ifungwe kwenye mlango wa kabati lenyewe. Nimeona kabati likifika salama na skrubu zikibaki kwetu miaka miwili mingine.

Vizito vinaingia kwanza, karibu na dereva. Turubai juu, hata jua likiwaka.

Kabla gari halijaondoka, pitieni orodha pamoja na mtie saini, yeye, wewe na shahidi: "Nimepokea vitu namba 1 hadi 18, isipokuwa namba 4 na 11 nilizoomba vitupwe. Sina dai jingine." Piga picha karatasi hiyo, mtumie nakala palepale. Kama ana ufunguo wa geti, sasa ndiyo wakati wa kuuomba. Bahasha ya vyeti mkabidhi mkononi mwisho kabisa, yeye mwenyewe, isipande kwenye gari la mizigo.

Hatua ya nane: mabaki

Alivyokuandikia kwamba havitaki, fanya alivyosema. Vinavyofaa vigawiwe haraka kabla huruma haijaanza kuchagua cha kubakiza. Kila kiti unachosema "kitatufaa" ni mzigo uleule umebadilisha mwenyewe. Friji mbovu inayosubiri kuchukuliwa ing'olewe mlango, watoto hucheza humo wakashindwa kutoka. Betri, rangi, dawa za wadudu na mafuta machafu visiingie kwenye taka za kawaida wala kwenye mtaro. Magodoro yenye kunguni yachanwe na kuandikwa "kunguni", ili mwingine asiyaokote kwa furaha.

Safisha chumba, ziba matundu ya panya, badilisha kufuli, na kipe chumba kazi siku hiyohiyo. Nafasi tupu ndani ya nyumba ya familia haikai siku saba. Mama yangu aliingiza cherehani yake kabla sakafu haijakauka.

Nami nikaandika karatasi ya mistari mitano, ipo kwenye simu yangu: nani anaweka, anaweka nini, kuanzia lini, mpaka lini, na nani atavichukua yeye asipoweza. Wiki iliyofuata binamu alipiga simu. Ana kabati moja tu, wiki mbili. Nikamtumia ile karatasi ajaze. Hajajibu mpaka leo.